Habari za sayansi, nishati na utamaduni zinazotugusa watu wa Mtwara na Lindi: njooni tuzichambue

Mwana wa Mikindani:

Wakuu, salaam.

Habari za sayansi zikiletwa humu huwa zinakuja kama zimetokea sayari nyingine: roketi, akili mnemba, magari ya umeme. Mtu wa Nanyamba anasoma, anacheka, anarudi kwenye mikorosho yake. Mimi leo nataka kukusanya zile ambazo chanzo chake kipo hapa hapa, kuanzia Ruvuma mpaka Kilwa. Naanza, nanyi mwongeze. Msinitafutie mpangilio, nitakaa zaidi pale ninapopajua.

Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke: kitu kikishatoka kwetu, ile kazi ya akili inafanyikia wapi?

Naanza na mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Wote tumemsikia tangu shule ya msingi, ila ukimuuliza mtu habari zake anaishia "Wajerumani walimwiba". Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mfupa mkubwa umechomoza ardhini kule Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi mjini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara, wakuu wake Werner Janensch na Edwin Hennig. Zilitoka zaidi ya tani 200 za mifupa. Hapakuwa na barabara wala lori. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, kisha ikapandishwa melini. Mwaka 1937 mjusi mmoja akasimamishwa Berlin, kimo chake mita 13.27, na mpaka leo watu wanalipa kiingilio kwenda kumtazama. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan, na aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita.

Sasa angalieni hiyo miaka. Vita vya Majimaji vilianza 1905 kule Umatumbi, vikazimwa 1907 kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Miaka miwili baadaye, watu wa ukanda huo huo ndio wanashika majembe na kubeba mifupa. Kila nikisoma makala za watalii wanaomsifu yule mjusi, natafuta kama hilo limetajwa. Mara nyingi halipo.

Na waliofanya kazi hawakuwa wapagazi tu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuufukua mfupa na kuufunga usivunjike njiani. Ilibidi tusubiri hadi 2007 ndipo mtafiti Kristian Remes akampa mjusi mmoja jina la Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Karibu miaka mia moja kutoka jasho hadi jina!

Hoja yangu si mjusi kurudishwa tu. Baadhi ya ile mizigo ilifungwa kwa mianzi hapa hapa Lindi, ikakaa Berlin miongo mingi bila kufunguliwa, juzi juzi tu wakaanza kuipiga picha za mionzi waone ndani mna nini. Yaani utafiti wa mifupa yetu haujaisha, unaendelea. Je, kijana wa Lindi anayesomea mifupa ya kale yuko wapi? Nawasilisha.

Mgeni wa Ilala:

Mkirudishiwa huyo mjusi mtamlisha nini, ming'oko? 😂😂

Mwana wa Mikindani:

Mkuu, huyo alikula majani. Wewe ndiye ukija Mtwara utalishwa ming'oko, viazi vyetu vya porini, na utaomba kuongezewa.

Babu wa Rondo:

Wanangu, marahaba kwa watakaoniamkia.

Mwana wa Mikindani umeandika vizuri, ila umewaruka Waingereza. Nao walikuja Tendaguru, 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alifia Lindi mwaka 1925 kwa malaria. Louis Leakey, ambaye baadaye ukoo wake ulipata sifa Olduvai, alikuwa kijana mdogo kwenye msafara ule, na hapo ndipo alipojifunza kazi ya kuchimba. Kwa hiyo hata sifa za Olduvai zina deni kidogo kwa Lindi.

Hilo la kurudisha mimi nasema linawezekana, mfano upo. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, 1984. Kikaonekana kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller kule Geneva. Mazungumzo yakavutana miaka na miaka, lakini Mei 2010 kikakabidhiwa Tanzania. Kinyago ni chepesi, nakubali. Mjusi ni tani na tani za mawe. Lakini kanuni ni ile ile.

Fundi Umeme Ligula:

Shikamoo babu.

Mimi nilete nishati, maana hapa ndipo watu wanabishana bila data.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Ya Songo Songo ilianza kwenda Dar 2004. Ya kwetu Mtwara ilianza kuendesha mitambo ya umeme hapa hapa miaka kadhaa baadaye. Kisha likaja lile bomba kubwa la inchi 36 kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, likazinduliwa Oktoba 2015. Katikati hapo kuna vurugu za 2013 za kulipinga bomba hilo, sina haja ya kuwakumbusha, kila mtu wa Mtwara anajua alikuwa wapi.

Watu wananiuliza kila siku: gesi inatoka kwetu, mbona kwa miaka mingi umeme ulikatika kwetu kuliko Dar? Jibu si laana wala njama. Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya Taifa, tunategemea mitambo michache ya gesi ya hapa. Gridi ndogo ni kama mkulima mwenye jembe moja: likivunjika mpini, siku hiyo halimwi. Dar mtambo ukizima, umeme unavutwa kutoka mabwawa ya Kidatu au Mtera na wewe wala hujui. Huku mtambo ukizima hakuna jirani wa kumuazima. Ndiyo maana njia ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi na Mahumbika ina maana kubwa kuliko kisima kipya cha gesi, ingawa hakuna mwanasiasa atakayepigiwa vigelegele kwa ajili ya nyaya.

Pia mambo yamegeuka. Kwa miaka mingi gesi ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya umeme wa nchi. Sasa Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa mapema 2024, wa mwisho ukakamilika 2025. Maji yakijaa Rufiji, gesi inapata nafasi ya kufanya kazi nyingine: viwanda, magari, majiko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Mimi hapo ndipo ningeanza kupiga kelele kama ningekuwa diwani: bomba limepita kijijini, jikoni bado mkaa.

Mgeni wa Ilala:

Na ule mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi? Tuliambiwa Lindi itakuwa Dubai.

Fundi Umeme Ligula:

Nilijua utauliza. Gesi ya kina kirefu baharini ni nyingi mno kuliko tunavyoweza kuitumia, na wateja wakubwa wako Asia. Bomba la kufika Japani halipo. Kwa hiyo unaipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, inageuka kimiminika na ujazo wake unapungua karibu mara 600. Hapo unaipakia melini. Mtambo wa kufanya hivyo ndio uliopangwa Likong'o, na gharama inayotajwa ni zaidi ya dola bilioni 40. Makubaliano ya awali na kampuni za akina Shell na Equinor yalisainiwa Juni 2022. Toka hapo ni vikao na vikao. Ng'ambo ya Ruvuma wenzetu Msumbiji walianza kuuza Novemba 2022 kwa mtambo unaoelea, Coral Sul. Ule mkubwa wao wa nchi kavu ulisimama 2021 baada ya mashambulizi ya Palma, kwa hiyo hata wao si mteremko.

Ushauri wangu kwa vijana wa Lindi: usinunue kiwanja kwa mkopo kwa sababu ya mradi ambao haujafikia uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Nyumba za wageni zilizojengwa Mtwara wakati wa joto la gesi zinajulikana, nyingine popo ndio wapangaji.

Mtoto wa Kivinje:

Hahaha popo. Wazee, na mimi nitie langu, la Kilwa.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya kale ya pwani yetu na eneo moja la bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Kilwa imo. Walioongoza ni Mkenya Chapurukha Kusimba na David Reich wa Harvard pamoja na wenzao. Walichokuta: kwa wengi wao, nusu au zaidi ya nasaba ni ya Kiafrika, na imepita zaidi kwa mama. Upande wa baba, sehemu kubwa imetoka Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko wenyewe ulianza kama mwaka 1000.

Mnaona kilichotokea? Ile tarikh ya Kilwa, historia yake ya kale, ya mabwana kutoka Shirazi kule Uajemi, ambayo maprofesa waliipuuza wakisema ni watu wa pwani kujikweza, imekutwa ina mzizi. Na wale waliosema miji hii ilijengwa na wageni watupu nao wamekosa, maana mama zao walikuwa wa hapa hapa, na lugha iliyobaki midomoni ni ya mama. Mimi nilisoma usiku nikawasomea watu wa kwetu asubuhi barazani. Nusu walifurahi, nusu wakanuna, kila mtu alikuwa na babu yake wa kumtetea.

Ila swali la mleta mada linauma hapo. Mifupa ni ya kwetu, maabara ni za mbali.

Nahodha Msangamkuu:

Sayansi ninayoijua mimi ni ya upepo.

Tulizoea kuambiwa kwamba kimbunga hakifiki Tanzania kwa kuwa tuko karibu na ikweta: dunia inavyozunguka, ule mkunjo unaoufanya upepo uzunguke ni dhaifu huku kwetu. Ni kweli kwa kawaida. Lakini wazee wa Lindi wanajua habari za Aprili 1952, kimbunga kilipiga Lindi na kuua. Halafu Mei 2024 kikaja Hidaya, kikatua pwani yetu tarehe 4, mvua ikakata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, malori yakalala njiani, Mtwara ikabaki kisiwa. Barabara moja tu hiyo jamani.

Bahari ikipata joto zaidi, kimbunga kinapata chakula zaidi. Mimi utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa nausikiliza kwenye redio kabla sijagusa tanga. Wapo wenzangu wanaucheka. Wacheke nchi kavu.

Mwera wa Ruangwa:

Naomba nafasi. Mmetaja gesi weee, kinywe hakuna aliyekigusa!

Ruangwa tuna madini ya kinywe, yale meusi yanayoteleza kama yamepakwa mafuta, yanayoingia kwenye penseli. Siku hizi hayatafutwi kwa ajili ya penseli. Betri ya simu yako na ya gari la umeme upande mmoja wake ni kinywe, na gari moja linaweza kumeza zaidi ya kilo 50. Mgodi wa Lindi Jumbo uko kwetu, na leseni nyingine zipo wilaya hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni kichekesho. Kinywe kikitoka ardhini hakifai kwa betri. Lazima kisafishwe mpaka kifike karibu asilimia 99.95, kisagwe na kuviringishwa kuwa chembe za duara, kisha zipakwe utando. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa kabisa inafanyika China. Desemba 2023 Wachina wakaanza kudai vibali kwa kinywe kinachotoka nchini mwao, Marekani na Ulaya wakashtuka, na macho yakazidi kugeukia kinywe cha Lindi na Mahenge. Ukimuuliza mchimbaji wa kwetu kama anajua hayo, atakwambia yeye anajua vumbi.

La pili, fupi lakini la kukumbuka. Julai 2022 Ruangwa ilivuma dunia nzima kwa "ugonjwa wa ajabu": homa, kutoka damu puani, watu 20 waliugua na 3 wakafariki. Mitandaoni watu wakaanza Ebola, wengine uchawi. Vipimo vikaonyesha ni homa ya mgunda. Bakteria wake wanakaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, unawapata ukikanyaga maji au tope lenye mkojo huo, hasa ukiwa na kidonda. Ukiwahi hospitali dawa ipo, ni antibayotiki za kawaida. Watu wa mpunga vaeni mabuti.

Binti Newala:

Jamani mmeongea mno, korosho mmeniachia mimi? Haya.

Mwana wa Mikindani, swali lako nalipenda ila umelibeba kama vile Kusini haijawahi kufikiri. Nakupa Naliendele.

Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha tani kama 145,000 za korosho. Ikafika 1986/87, tani 16,500 tu. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mikorosho ikabaki msituni, bei ikawa mbaya, na juu yake ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshika maua yasitoe korosho. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, ndicho kilichokaa na tatizo hilo: salfa inapulizwa lini, kiasi gani, kwenye hatua gani ya maua, na mikorosho ipi ina ustahimilivu. Wakachagua, wakachavusha kwa mkono, wakatoa mbegu bora. Msimu wa 2024/25 nchi imevuka tani 500,000. Haikuja kwa dua peke yake. Akili iliyofanya hivyo ilikuwa inakunywa chai Naliendele.

Na mnada sasa ni wa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Oktoba 2024 minada ya kwanza bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na pale kwenye chama cha msingi wazee walikuwa wanaangalia namba kwenye skrini kama wanaangalia mpira. Kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kwa bei ya chini kabla ya mnada, bado wapo, wasitudanganye, mwenye njaa ya Agosti hasubiri mnada wa Oktoba. Lakini bei sasa anaijua kila mtu.

Mwana wa Mikindani:

Dada, Naliendele naivulia kofia. Lakini hiyo ni akili ya shambani. Baada ya shamba je? Sehemu kubwa ya korosho bado inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko inabanguliwa, na hata ganda lina mafuta yale yanayochoma vidole vya wabanguaji: yanaingia kwenye breki za magari na kwenye rangi. Tunasafirisha ganda na kulipia nauli yake baharini! Viwanda vya kubangua vilijengwa miaka ya sabini, vingi vikageuka maghala.

Binti Newala:

Viligeuka maghala kwa sababu vilijengwa na mashine kubwa za kigeni wakati korosho zenyewe zinapungua, na mashine zilikuwa zinavunja punje. Mnunuzi analipa punje nzima, nyeupe. Mama wa Newala na kigongo chake anatoa nzima kuliko ile mitambo. Usilie kiwanda kikubwa, lilia mtaji wa wale akina mama hamsini walioko kwenye vikundi, umeme usiokatika, na mnunuzi wa uhakika. Halafu mabibo, yale matunda yenyewe ya mkorosho! Asilimia kubwa yanaozea chini ya mti. Uraka, pombe ya mabibo, tunaujua wote, msijifanye watakatifu, lakini juisi na mvinyo wa mabibo vinawezekana na mafunzo yanatolewa.

Kwenye bustani ya viwanda vya korosho ya Maranje tuangalie kwa macho mawili. Wakileta mashine za kuvunja punje tena, nitarudi hapa.

Fundi Umeme Ligula:

Umeme usiokatika nimeusikia, naandika 😅

Mtoto wa Kivinje:

Na utamaduni umekaa kinyago tu? Mozilla wana mradi wa Common Voice, watu wanachangia sauti zao za Kiswahili bure ili mashine zijifunze kusikia. Mtu wa Mtwara akiongea na simu yake kwa lafudhi ya kwetu, simu inaduwaa, kwa sababu sauti nyingi zimetoka kwingine. Kuchangia ni dakika chache. Na wenye wazee wanaojua nyimbo za mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, na za jandoni, zile zinazoruhusiwa kusikika hadharani, warekodini wakiwa hai. Zisizoruhusiwa waachieni wenyewe.

Babu wa Rondo:

Hilo la mwisho umesema kwa adabu, mjukuu wangu.

Kidato cha Nne Masasi:

Shikamooni wakubwa. Nimesoma wote. Mimi niko form four, napenda hayo mambo ya kinywe na mjusi. Nichukue kombi gani? Nyumbani wanataka nisome sheria.

Fundi Umeme Ligula:

Marahaba. PCM (fizikia, kemia, hesabu) au PCB (fizikia, kemia, baiolojia) zote zinakupeleka, ila kemia usiiache hata wakikulipa, ndiyo iko kwenye kinywe, kwenye gesi na kwenye ganda la korosho. Jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma. Sheria nayo si mbaya, mikataba ya gesi inahitaji mtu wa kuisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Mwera wa Ruangwa:

Na hesabu zako zikoje? Sema ukweli.

Kidato cha Nne Masasi:

Hesabu C mkuu.

Mwera wa Ruangwa:

Inavutika hiyo. Likizo ukija Ruangwa nitafute humu, nitakuonyesha mwamba wenyewe, ukiugusa utatoka na mikono myeusi.